Birika la Utah na Keja ya Tenbaiten

Ukifungua programu ya Blender kwa mara ya kwanza, unapokelewa na sanduku. Liko katikati ya skrini, rangi ya kijivu, halina mlango wala dirisha, na kila upande wake una mita 2. Walimu wa YouTube karibu wote huanza somo kwa kulifuta, mpaka imekuwa utani wa wanaojifunza kazi hii dunia nzima: futa sanduku kwanza, halafu tuongee. Mimi sikulifuta. Nilibonyeza S, nikaandika 1.5, nikabonyeza Enter, likawa mita 3 kwa 3 kwa 3. Kama umekulia Kibera au Kawangware huhitaji kuelezwa hicho ni nini. Mita 3 ni futi 10 kasoro kidogo. Hiyo ni keja. Tenbaiten, kodi tarehe tano.

Historia ya picha za pande tatu kwenye kompyuta husimuliwa kama historia ya Hollywood. Dinosau wa 1993, wanasesere wa Toy Story mwaka wa 1995, halafu pesa, pesa, pesa. Sina ugomvi na simulizi hiyo; Toy Story nimeitazama zaidi ya mara kumi kwenye DVD za shilingi hamsini. Lakini ukianza kujifunza kazi yenyewe, kuanzia nukta ya kwanza, unagundua kwamba chini ya filamu hizo kuna historia nyingine, ya watu wenye rula na karatasi waliokuwa wakipima vitu vya nyumbani. Hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu ndiyo iliyonifikia Kawangware.

Mwaka wa 1972, katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mwalimu aitwaye Ivan Sutherland na wanafunzi wake walitaka kuingiza kitu halisi ndani ya kompyuta. Sutherland hakuwa mtu mdogo. Miaka tisa kabla, akiwa mwanafunzi wa MIT, alikuwa ametengeneza Sketchpad, programu iliyomruhusu mtu kuchora kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga, wakati ambapo kompyuta nyingi bado zilikuwa zinalishwa kadi zenye matundu. Kitu kilichochaguliwa ni gari, Volkswagen Beetle la mke wake, Marsha. Wanafunzi walichora mistari na nukta kwa rangi juu ya bodi, wakachukua vifaa vya kupimia, wakaipima kila nukta: iko umbali gani kwenda kulia, umbali gani kwenda mbele, umbali gani kutoka chini. Namba tatu kwa kila nukta. Namba hizo tatu ndizo maana yote ya pande tatu, na ukizielewa umemaliza nusu ya somo.

Mwaka huo huo, chuo hicho hicho, mwanafunzi mmoja, Edwin Catmull, alitengeneza umbo la plasta la mkono wake wa kushoto, akalichora vipande vidogo vidogo vyenye pembe, akalipima, kisha akaufanya mkono ule ufungue na kukunja vidole kwenye skrini. Catmull baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Pixar. Kwa hiyo hata Toy Story, ukiifuata hadi kwenye mizizi, inafika kwa kijana anayepima mkono wake mwenyewe.

Halafu birika. Mwaka wa 1975 mtafiti wa Utah, Martin Newell, alikuwa anatafuta kitu cha kujaribia programu yake. Walipokuwa wanakunywa chai, mke wake, Sandra, akamwambia: si uchukue vyombo vya chai? Newell akachora birika kwa macho tu kwenye karatasi ya grafu, akarudi maabara, akaingiza namba. Kisha akafanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko kuchora kwenyewe: aliwapa watafiti wengine namba zile wazitumie. Kila mtu akalipitisha birika lile kwenye programu yake kuona mwanga unaanguka vipi, kivuli kinakaa vipi, hadi likawa kama mgeni wa kudumu wa fani hii. Birika halisi sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya kompyuta huko California. Lile la namba, toleo la kwanza, halikuwa hata na tako. Ungelimimina chai ingemwagikia mezani. Hakuna aliyejali, maana hakuna aliyelitazama kutoka chini.

Kuna mmoja zaidi wa Utah ambaye husahaulika kwa sababu hakuishi kuanzisha kampuni. Bui Tuong Phong alizaliwa Hanoi, Vietnam, mwaka wa 1942. Kazi yake ya udaktari ya 1973 ilieleza namna ya kukokotoa mng'ao wa kitu, lile doa jeupe unaloona kwenye sufuria mpya ukiiweka karibu na balbu. Alikufa mwaka wa 1975 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 32. Jina lake bado limo ndani ya programu. Ticha alipotuonyesha neno "Phong" kwenye orodha, sisi tulidhani ni aina ya rangi.

*

Ticha ndiye aliyetufundisha. Hatukumwita jina lingine. Ilikuwa mwaka wa 2019, Kawangware, kwenye chumba cha nyuma cha saiba moja karibu na steji ya 46. Kompyuta zilikuwa nne, zote mtumba, mbili zikiwa na RAM ya gigabaiti 2. Ticha alikuwa amewahi kumfanyia kazi msanifu majengo mmoja, akichora nyumba za watu wa Lavington, ambako kutoka Kawangware unafika kwa miguu. Alilipwa kwa kila picha. Alichora mabwawa ya kuogelea mengi sana, yeye ambaye hajui kuogelea.

Shuleni tulifunzwa kuita kompyuta "tarakilishi", na kwenye mtihani nilipata alama yangu. Pale saiba hakuna aliyeitumia. Lakini Ticha alikuwa na tabia moja niliyoipenda: kila kitu cha Blender alikitafutia neno letu, si kwa ajili ya lugha, ila kwa ajili ya kueleweka. Pembe ya sanduku ni nukta. Nukta mbili zikiunganishwa ni ukingo. Kingo tatu au nne zikifunga zinatoa uso. Nyuso zikishikana ni wavu. "Hakuna kitu kigumu ndani," alituambia. "Ni ngozi tupu. Kama debe." Na kweli, ukiingiza macho ndani ya modeli ya pande tatu unakuta hewa. Hata lile dinosau.

Kuvuta uso mmoja utoe uso mwingine, unabonyeza E. Fundi yeyote wa mabati pale Naivasha Road anafanya hivyo kila siku: anachukua bapa, anakunja kingo, inakuwa boksi la jiko. Kumbe nilikuwa nimeona somo hilo tangu utotoni. Somo lililowasumbua wengi darasani ni la kuvalisha picha juu ya umbo. Umbo ni la mviringo, picha ni bapa, utaifungaje? Lazima uchague mahali pa kukata, ufungue ngozi ya kitu ilale chali, ndipo uipake. Ticha hakuhangaika kueleza. Alitupeleka kwa fundi cherehani wa jirani, akamwomba afumue shati mbele yetu. Mkono, kola, mgongo, vyote vikalala mezani kama chapati zisizo na umbo. Fundi akauliza, "Na nani ataishona tena?" Ticha akalipa.

Nataka kusimama kidogo kwenye swali la kwa nini programu hii ilikuwa pale kabisa, kwenye saiba yenye deni la stima. Programu nyingi za kazi hii ni ghali kuliko kodi ya mwaka mzima ya keja. Blender ilianza Uholanzi mwaka wa 1994, ndani ya studio iitwayo NeoGeo, mikononi mwa Ton Roosendaal. Mwaka wa 1998 akaanzisha kampuni ya kuiuza. Kampuni ikaporomoka mapema 2002, na kwa kawaida hadithi ingeishia hapo, maana wawekezaji ndio waliokuwa wanamiliki programu. Roosendaal akawauliza: mnataka ngapi muiachilie? Euro 100,000. Akatangaza kwa watumiaji, na katika muda wa wiki saba hivi watu wa kawaida wakachanga pesa zote. Oktoba 2002 Blender ikaachiliwa kwa leseni huru, ambayo inasema yeyote anaweza kuitumia, kuifungua, kuibadilisha na kuigawa. Sisi tuliokulia kwa harambee tunaielewa hadithi hii bila mkalimani. Mwaka wa 2025 filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya uhuishaji. Mimi hesabu yangu ni nyingine. Bila mchango ule, Ticha angekuwa anatufundisha kwa programu ya wizi, na kila wiki ingekataa kufunguka.

Lakini bure nayo ina ngazi zake. Julai 2019, tukiwa katikati ya masomo, toleo la 2.80 lilitoka. Sura mpya, kila mtu mtandaoni anashangilia. Ticha akachoma bando lake lote kulipakua, na kompyuta zetu zikalikataa, kwa sababu lilihitaji kadi ya picha ya kizazi kipya kuliko zetu. Tukabaki na 2.79, ambamo kwa kawaida kitu kilichaguliwa kwa kubofya kulia, wakati dunia nzima ilikuwa imehamia kushoto. Mafunzo yote mapya ya YouTube yakawa yanaongea na watu wengine. Ukiwahi kuona kijana wa Kawangware anashika kipanya na kubofya kulia kwanza, jua alifunzwa kwenye mashine gani.

Hatukuwa wa kwanza Nairobi, na nilitamani mtu angeniambia mapema. Mwaka wa 2007 Wesley Kirinya alitoa gemu ya pande tatu, The Adventures of Nyangi. Mwaka wa 2011 Andrew Kaggia alitoa filamu fupi, Wageuzi, ambamo wanasiasa wetu wanageuka magari na maroboti wakishindania urais wa 2012, kazi aliyoifanya karibu peke yake kwenye kompyuta yake. Baadaye akaja na gemu ya Nairobi X. Niliitazama Wageuzi kwenye simu ya binamu yangu bila kujua kwamba mtu anaweza kukaa chini akajifunza kuifanya. Nilidhani imetoka tu, kama vile wimbo unavyotoka.

*

Sasa Kibera. Mtaa huu umepimwa mara nyingi na watu mbalimbali, na vipimo havikubaliani. Kwa miaka mingi uliambiwa una watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Jina lenyewe ni la Kinubi, kibra, msitu. Wazee wa Kinubi walipewa makao pale na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 baada ya kuitumikia jeshini, na hati ya ekari 288 wakaja kuipata mwaka wa 2017. Kawangware nayo wazee huitaja kutoka kwa ngware, yaani kwale kwa Kikuyu. Majina mawili ya porini, na chini yake mabati kwa mabati.

Mwaka wa 2009 mtaa ule ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani za mtandaoni. Hapo ndipo Mikel Maron na Erica Hagen walipokuja na mradi wa Map Kibera, wakafunza kikundi cha vijana wa Kibera kutembea vichochoroni na vifaa vya GPS, kuandika bomba, choo, zahanati, shule, kanisa, msikiti, kisha kuviingiza kwenye OpenStreetMap. Mtu hukaa Gatwekera miaka yote akiwa anajua kila kona, halafu siku moja anaiona kona ile kwenye skrini. Hilo si jambo dogo. Ila ramani ina namba mbili tu kwa kila nukta. Kulia na mbele. Ile ya tatu, ya juu, haimo.

Ya tatu ililetwa na gemu. Septemba 2012 kampuni ya Mojang ya Uswidi, wenye Minecraft, iliungana na UN-Habitat, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, kuanzisha mradi wa Block by Block. Lengo lilikuwa kuboresha maeneo 300 ya umma duniani kufikia 2016, na Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa, kwenye uwanja wa michezo wa Silanga. Wazo ni rahisi: jenga mahali palipo kwa matofali ya Minecraft, kisha wape wakazi wapabadilishe. Badala ya mchoro wa msanifu, ambao mtu anaogopa hata kuukosoa, unakuwa na kitu ambacho mama anaweza kukitazama akasema, "Hapo pana giza, weka taa."

Nimeufikiria mradi ule sana, na nina maoni mawili yanayogombana. La kwanza, Minecraft ni lugha ya kweli, maana inampa kila mtu tofali lile lile. La pili, tofali lake ni mita 1 kila upande. Kichochoro cha Mashimoni nilichopitia kwenda shule hakikufika mita 1. Mkipishana na mtu mwenye mtungi, mmoja anageuka ubavu. Kwenye Minecraft kichochoro kile ama kinakuwa barabara, ama hakipo.

Na kuna picha nyingine za pande tatu ambazo sisi wa mtaani tumeziona kuliko zozote, ingawa hatuziiti hivyo. Ni zile za kwenye mabango. Konza ilipozinduliwa Januari 2013, ilizinduliwa ikiwa picha: minara ya kioo juu ya nyasi. Kila mradi wa nyumba Nairobi una picha yake kwenye ua wa mabati, na chini pembeni maandishi madogo, "picha ya msanii". Sasa kwa kuwa najua zinavyotengenezwa siwezi kuzitazama kama zamani. Naona watu walewale waliokatwa kutoka maktaba moja ya picha, wamevaa makoti ya baridi ya Ulaya. Naona vivuli virefu vya saa sita mchana, ambavyo hapa karibu na ikweta havipo. Saa sita Nairobi kivuli chako unakikanyaga. Naona hakuna kibanda. Hakuna mama mboga, hakuna bodaboda, hakuna hata kamba ya kuanika nguo. Mtu alikaa mahali, labda mtu kama Ticha, akaambiwa asiviweke.

*

Jumatatu, tarehe 23 Julai 2018, tingatinga ziliingia Kibera kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Waliokadiriwa kupoteza makao ni watu wapatao 30,000, na shule kadhaa zilianguka pamoja na nyumba. (Tingatinga ni neno lenye maisha mawili. Ni mashine hiyo, na ni Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyekufa 1972, ambaye mtindo wake ulizaa Tinga Tinga Tales, katuni zilizotengenezwa Nairobi na Homeboyz, zikaonyeshwa na BBC kuanzia 2010. Mdogo wangu alizipenda. Asubuhi ile aliposikia watu wanapiga kelele "tingatinga", alikimbia nje akitabasamu.)

Ploti yetu ilikuwa upande wa Mashimoni, milango kumi na miwili ikitazamana sita kwa sita. Tulihamia Kawangware kwa shangazi. Barabara nimeipita mara nyingi tangu hapo. Ni nzuri, sitasema uongo, matatu inakimbia.

Kilichonifanya nianze kujenga ploti ile ndani ya Blender si uchungu, ni wivu. Nilikuwa nimekuta tovuti ya African Fossils, iliyoanzishwa na Louise Leakey, ambamo mabaki ya Turkana na kwingine yamewekwa kama modeli unazoweza kuzizungusha na kuzipakua. Mwaka wa 1984, Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu, na kikawa mwanzo wa kumfukua mvulana aliyekufa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Magofu ya Kilwa nayo yamepimwa kwa mwale wa leza na watu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, jiwe kwa jiwe. Nilifurahi sana. Nikawaza: kwa hiyo mifupa ya miaka milioni ina namba zake tatu, na mlango wa mama yangu wa mwaka jana hauna.

Hatukuwa na leza, na hapakuwa na kitu cha kupima. Kulikuwa na picha saba za simu, nyingi za harusi na siku za kuzaliwa, ukuta ukionekana nyuma ya vichwa. Nikakumbuka kanuni ya Utah: anza na kitu unachokijua kipimo chake. Kitanda. Kitanda chetu kilikuwa nne kwa sita, tulikihama nacho, kipo. Kwenye picha moja kinaonekana kinagusa ukuta wa nyuma na kuacha nafasi ya mlango kufunguka. Kutoka kitandani nikapata ukuta, kutoka ukutani mlango, kutoka mlangoni ukumbi. Mtungi wa lita 20, kreti ya soda, bati la mita 2.5, vyote vikawa rula. Kilichobaki nilikipata kwa miguu ya watu. Nilimwomba jirani wetu wa zamani, fundi wa redio ambaye sasa yuko Kangemi, atembee kutoka mlangoni kwake hadi chooni kama alivyokuwa akitembea. Tulikuwa uwanjani. Alifumba macho, akaenda hatua kumi na nne, akakata kushoto bila kuambiwa, akainamisha kichwa.

"Mzee, mbona umeinama?"

"Kulikuwa na waya wa stima pale, kijana. Ulikuwa unakata shingo."

Waya nikauweka.

Mabati yalinipa shida ya kifundi ambayo naisimulia kwa wale mnaojifunza. Bati lina mawimbi. Ukijenga kila wimbi kwa nyuso halisi, ploti ya milango kumi na miwili inakuwa na nyuso zisizohesabika, na mashine ya gigabaiti 2 inalala usingizi wa pono. Suluhisho lilitolewa mwaka wa 1978 na James Blinn, mwingine wa Utah. Alionyesha kwamba huna haja ya kukunja uso wenyewe. Unaudanganya mwanga tu, unauambia hapa pameinama, hapa pameinuka, na jicho linaona makunyanzi ambayo hayapo. Nikafanya hivyo kwa kuta za mbali. Kwa paa letu sikufanya. Paa letu niliyajenga mawimbi yote, na matundu ya misumari, kwa sababu lala siku moja kwenye keja saa saba mchana uone kazi ya matundu hayo: vijiduara vya mwanga vinatembea ukutani kama saa. Blender inafanya hivyo vyenyewe. Ukiweka tundu na ukaweka jua, kijiduara kinakuja.

Jua nalo lilileta mjadala. Niliweka la Julai, ambalo hapa kwetu hupita upande wa kaskazini, nikachukua picha nikawatumia majirani. Mama wa mandazi akajibu kwa sauti ya WhatsApp: "Baba, hii ni Disemba. Julai ulishaona jua wapi?" Julai ya Nairobi ni wingu na baridi. Nikazima jua, nikaweka anga la kijivu kutoka kila upande. Vivuli vikapotea, na ploti ikafanana na yenyewe hata ikaniogopesha kidogo.

Mama yangu aliangalia muda mrefu, akiwa ameshika kipanya kama mtu anayepasi nguo. Akaingia kwenye ukumbi, akatoka, akaingia tena. Akauliza watu wako wapi. Nikamweleza kwamba mwili wa mtu ni mgumu, sijafika huko. "Basi weka ndara nje ya milango," akasema. "Mtu akiwa ndani ndara zinakuwa nje." Ndara ni umbo rahisi, uso mmoja umevutwa na mikanda miwili. Nilitengeneza jozi moja nikazinakili, nikabadilisha rangi. Mlango wa Haboba, bibi wa Kinubi aliyekaa mwisho, niliweka jozi nne, kwa sababu wajukuu.

Kitu pekee ambacho hatukukubaliana mpaka leo ni bomba. Fundi wa redio anaapa lilikuwa upande wa kulia ukiingia, karibu na mtaro. Mama wa mandazi na mama yangu wanasema kushoto, na wanaongeza kwamba mwanamume hawezi kujua bomba lilipokuwa kwa sababu hakuwahi kupiga foleni. Haboba alisema yalikuwa mawili, moja likafungwa kwa deni kabla sijazaliwa. Picha saba hazionyeshi. Kwa hiyo faili ina makundi mawili, Bomba Kulia na Bomba Kushoto, kila moja na mtungi wake wa njano chini. Pembeni mwa kila jina kuna alama ya jicho. Unabofya linafumba, unabofya linafumbua. Ninapomtumia mtu picha huwa namuuliza kwanza alikaa mlango gani.